Kuhamisha Tundu la Flashi Katika Redio

Katika nyumba nyingi redio ya siku hizi haitegemei matangazo peke yake. Flashi ndogo huchomekwa katika tundu la USB lililo mbele ya kasha, na nyimbo, mawaidha au masomo ya watoto yakasikika. Lakini flashi hiyo hubaki imejitokeza nje kama mpini. Mtoto akiipiga kwa kiwiko, au kanga ikiinasa, nguvu yote huishia kwenye ubao wa saketi ulio ndani. Hatimaye tundu hulegea, redio ikanyamaza, na watu wa nyumbani wakalazimika kuishika flashi kwa kidole ili isome.

Kosa litendwalo mara nyingi ni kulilehemu tundu lile lile pale pale. Lehemu ni laini. Kazi yake kubwa ni kupitisha umeme, wala si kubeba mzigo. Tundu litalegea tena, na safari hii huenda likang'oka pamoja na vijibati vya shaba vilivyogandishwa juu ya ubao. Hasara hiyo ni ngumu kutengenezeka. Dawa iliyo bora ni kulihamisha tundu: lifungwe kwa skrubu kwenye kasha lenyewe, ubavuni au mgongoni ambako halipigwi, kisha liunganishwe na ubao kwa nyaya.

NYAYA NNE

Mfumo wa USB ulitolewa mwaka 1996, na tundu lake bapa la kawaida lina miguu minne. Mguu wa kwanza huleta umeme wa volti 5. Wa pili na wa tatu hupitisha habari. Wa nne ni njia ya kurudishia umeme. Kwa desturi nyaya zake huwa nyekundu, nyeupe, kijani na nyeusi, kwa mfuatano huo. Hata hivyo fundi mwangalifu haamini rangi peke yake, bali hupima kila waya kwa mita kutoka ncha hadi ncha. Waya uliotengenezwa kwa kuchajia tu huweza kuwa na nyaya mbili peke yake, na huo haufai.

Nyaya mbili za habari hufanya kazi kwa kupingana: huu ukipanda, ule hushuka, na redio husoma tofauti yao. Zikisokotwa pamoja, kelele za umeme huzipata zote sawasawa, na tofauti haibadiliki. Kwa hiyo zisokotwe, ziwe na urefu sawa, ziwe fupi kadiri iwezekanavyo, tena zipite mbali na transfoma.

KAZI YENYEWE

Kwanza redio ichomolewe ukutani na betri itolewe. Sehemu inayopokea umeme wa ukutani isiguswe hata baada ya hapo, kwani huweza kubakiza umeme. Miguu ya tundu la zamani iongezewe lehemu mpya, ndipo yote iyeyushwe na kunyonywa. Lehemu ya bati na risasi huyeyuka katika nyuzi 183 hadi 190 hivi za sentigredi. Isiyo na risasi huhitaji nyuzi 217 au zaidi. Kulivuta tundu kabla lehemu haijayeyuka ndiko kunakong'oa shaba. Madirisha yawe wazi, watoto wakae mbali, na mikono ioshwe kabla ya kula.

Nyaya zikishalehemiwa, zishikizwe kwenye ubao kwa gundi ngumu, ili zikivutwa mvuto usifike kwenye vijibati. Kabla ya kuwasha, mita ihakikishe kwamba waya mwekundu haugusani na mweusi. Kisha redio iwashwe bila flashi, na tundu jipya lipimwe: volti 5 ziwe kwenye mguu wa kwanza, si wa nne.

Kipimo hiki kisirukwe. Nyaya mbili za habari zikibadilishana nafasi, kwa kawaida flashi haisomi tu. Lakini nyekundu na nyeusi zikibadilishana, flashi huweza kuungua papo hapo. Redio huweza kununuliwa nyingine. Flashi yenye picha za harusi, au sauti ya bibi aliyekwisha fariki, hainunuliki. Basi jaribio la kwanza lifanywe kwa flashi tupu, na ile ya thamani ingoje kabatini mpaka kazi ithibitike.