Jani jekundu linalouzwa kwa kalenda

Kila Desemba maduka ya Kariakoo hujaa nyota za karatasi, taa za kumetameta na miti ya Krismasi ya plastiki. Sehemu kubwa ya mapambo ya aina hiyo duniani hutengenezwa katika mji mmoja wa China, Yiwu, na mjasiriamali wa hapa hawezi kushindana na bei za viwanda vyake. Lakini lipo pambo moja la sikukuu ambalo likitoka kiwandani ni la bandia tu, na ambalo Afrika Mashariki tayari imo katika biashara yake. Pambo hilo ni poinsetia.

Wengi wetu tunaifahamu bila kujua jina lake. Ni kile kichaka cha kwenye bustani za zamani za Arusha, Moshi au Nairobi, chenye kimo kuliko mtu, majani mekundu vileleni na utomvu mweupe kama maziwa ukivunja tawi. Huko Ulaya na Marekani mmea huo huo hufupishwa, hukuzwa ndani ya chungu kidogo na kuuzwa kwa mamilioni kati ya Novemba na mkesha wa Krismasi. Wajerumani huuita nyota ya Krismasi.

Kinachopendwa pale si ua. Wekundu wote ni wa majani. Maua yenyewe ni vipunje vidogo vya manjano katikati. Kwa mfanyabiashara tofauti hiyo ni kubwa, kwa sababu waridi lililokatwa hunyauka baada ya siku chache ilhali majani haya hubaki na rangi kwa wiki nyingi. Fikiria pia mahali linapowekwa. Desemba ya Berlin jua huzama karibu saa 10 jioni, miti ya nje haina jani, na mtu anataka dirishani kwake kitu chenye uhai. Nyekundu juu ya kijani hufanya kazi hiyo vizuri, maana rangi hizo mbili zikikaa pamoja kila moja huing'arisha nyingine. Zipo aina nyeupe, za waridi na za madoadoa, ila nyekundu bado inaongoza kwa mbali.

Asili ya mmea ni Mexico, ambako Waazteki waliutumia kupata rangi nyekundu hata kabla ya Wahispania kufika. Joel Poinsett, balozi wa Marekani nchini humo kuanzia mwaka 1825 hadi 1829, alipeleka miche kwao South Carolina, na jina lake likabaki kwenye mmea. Lakini aliyeufanya kuwa bidhaa ya Krismasi ni familia ya wakulima wa California, akina Ecke. Mwanzoni waliuza matawi yaliyokatwa shambani, kwenye vibanda vya kando ya barabara. Baadaye Paul Ecke mdogo alipeleka mimea ya bure kwenye studio za televisheni ili ionekane katika vipindi vya sikukuu. Watu waliiona Desemba baada ya Desemba, hadi wakaamini kwamba Krismasi bila jani jekundu haijakamilika. Kwa maoni yangu hilo ni somo la masoko kuliko la kilimo.

Kulikuwa na siri pia. Poinsetia ya kawaida hurefuka kama fimbo na haipendezi kwenye chungu. Akina Ecke walijua kuupandikiza mmea wa kawaida na ule unaotoa matawi mengi, ukawa mfupi na mnene kama kichaka kidogo. Kwa miaka mingi washindani hawakuweza kuwaiga. Miaka ya 1990 mtafiti wa chuo kikuu akaichapisha njia hiyo, na ikaja kubainika kwamba kinachofanya kazi ni kijidudu jamii ya bakteria kinachohama kutoka mmea mmoja hadi mwingine. Ni ugonjwa, lakini ugonjwa wenye faida! Siri ilipotoka, ushindani ukawa wa gharama za uzalishaji, na mwaka 2012 familia hiyo iliuza biashara yake.

Hapo ndipo nchi zetu zinapoingia. Mashamba ya Ethiopia, Kenya na Uganda hutunza mimea mama kwenye vitalu vya plastiki, hukata vipandikizi visivyo na mizizi, huvifunga kwenye mifuko midogo na kuvisafirisha kwa ndege kwenda Ulaya kati ya Juni na Agosti. Huko huoteshwa, hukatwa vichwa ili vitoe matawi, na kufikia Novemba viko dukani. Kipandikizi kikichelewa uwanja wa ndege kwa siku mbili, msimu wake umepotea. Aina hizo pia zina wenyewe. Kenya ilijiunga na mkataba wa kimataifa unaolinda haki za wagunduzi wa aina mpya za mimea mwaka 1999, na Tanzania mwaka 2015, hivyo kuzalisha aina iliyosajiliwa bila kibali cha mwenye haki ni kujitafutia kesi. Kichaka cha zamani cha bustanini hakina mwenye haki.

Je, mkulima mdogo wa nyanda za juu anaweza kuuza vyungu kwa hoteli, makanisa na ofisi za hapa hapa? Anaweza, kwa kiasi kidogo, akielewa kwamba mmea huu hupimwa kwa giza. Ili majani yageuke mekundu kwa wakati, unahitaji usiku wa saa 14 hivi kwa wiki nane hadi kumi. Karibu na ikweta usiku wetu ni wa saa 12 tu, ndiyo maana kichaka cha bustanini hujigeukia kinavyotaka bila kujali Krismasi. Kata vipandikizi Agosti, hamishia kwenye vyungu mwanzoni mwa Septemba, kata vichwa wiki mbili au tatu baadaye. Kuanzia mapema Oktoba funika kwa turubai jeusi kutoka saa 11 jioni hadi saa 1 asubuhi, kila siku bila kuruka. Taa ya jirani inayopenya usiku inatosha kuharibu kazi. Joto la usiku likizidi nyuzi 22 rangi huchelewa, kwa hiyo Dar es Salaam si mahali pake. Lushoto au Njombe panafaa zaidi. Chunguza inzi weupe chini ya majani, usimwagilie kupita kiasi, na utomvu usikuingie machoni.

Sasa hesabu, kwa bei za mfano tu. Tuseme chungu kimoja kinakugharimu sh 2,500 na unauza sh 5,000. Ukiandaa 200 umetumia sh 500,000, na lazima uuze 100 kurudisha fedha zako. Ukiuza 150 kabla ya tarehe 24 unabaki na faida ya sh 250,000. Rangi ikichelewa wiki mbili na ukauza 60 tu, umepoteza sh 200,000. Nyanya zikikosa soko leo utazipeleka kesho kwa bei ya chini. Chungu hiki tarehe 26 hakuna anayekiuliza.

Kwa hiyo anza na wanunuzi, si na miche. Hoteli hupamba mapema Desemba. Nenda kwa meneja mwezi Julai, ukiwa na tawi jekundu mkononi kama unalo, mkubaliane idadi, tarehe ya kupeleka na malipo ya awali, halafu ndipo ukate vipandikizi vya idadi hiyo pamoja na vichache vya akiba.