Likizo ya Agosti: Mtengenezee mdogo wako tiara

Shule zimefungwa na mdogo wako ashamaliza bando lako kwa katuni. Mtoe nje, upepo upo.

Sisi tulitengeneza tiara kwa juala, lakini mifuko hiyo ilipigwa marufuku Agosti 2017. Gazeti kuukuu latosha. Pishanisha vijiti viwili vyepesi vya fagio la makuti, bandika gazeti kwa uji mzito wa ngano, kisha funga uzi pale vinapopishana. Usisahau mkia wa vitambaa. Bila huo itazungukazunguka, puu!

Mwache ashike uzi mwenyewe, hata akiharibu. Ila tafuteni uwanja usio na nyaya za stima. Ikinasa kwenye waya, iacheni huko huko. Magazeti hayajaisha.