Leo Tunaruka?

"Mwalimu, leo tunaruka?" Hapa Uwanja wa Wilson, Nairobi, swali hilo hunipokea hata kabla ya chai. Jibu langu huwaudhi wanafunzi: niambie wewe.

Ninafundisha urubani kwa ndege ndogo za Cessna. Kwangu mimi, mwanafunzi asiyeweza kuamua mwenyewe kubaki chini hajafikia kuachiwa ndege peke yake, hata kama anatua vizuri kuliko wenzake wote. Radi ikipiga na mvua ikimwagika, hakuna anayeniuliza kitu. Taabu iko kwenye siku za katikati.

Chukua asubuhi ya Julai. Taarifa ya hali ya hewa ya uwanja, METAR, inasema hivi: 0500Z 05006KT 9999 BKN010 14/12. Saa hizo ni za Greenwich. Kwa saa zetu za Kiswahili toa tatu, utapata saa mbili asubuhi. Upepo ni noti 6, yaani kama kilomita 11 kwa saa. Unaona umbali wa kilomita 10 au zaidi. Hapo mwanafunzi huanza kutafuta kofia yake. Keti, tusome mpaka mwisho.

BKN010 maana yake mawingu yamefunika sehemu tano hadi saba kati ya nane za anga, na tumbo lake liko futi 1,000 tu juu yetu. Kanuni za kimataifa zinamkataza rubani anayeruka kwa kuona kwa macho kupaa kwenye uwanja unaoongozwa na mnara ikiwa mawingu ya namna hiyo yako chini ya futi 1,500, ila kwa kibali maalumu. Kibali hicho simwombei mwanafunzi. Kisha 14/12: joto ni nyuzi 14, na hewa ikipoa hadi 12 tu, unyevu unageuka ukungu. Tofauti ni ndogo mno. Lakini jua likipanda tofauti hupanuka na wingu huinuka, basi tunasubiri.

Baadaye namtoa nje atazame vilima vya Ngong. Kilele chake kina mita 2,460, takriban futi 2,500 juu ya uwanja wetu. Kama mitambo ya umeme wa upepo iliyo kule juu haionekani, safari ya kuelekea Magadi haipo, karatasi iseme itakavyo.

Februari hunipa kazi ngumu zaidi, kwa sababu anga ni samawati na kila mtu ana furaha. Wilson iko futi 5,536 juu ya usawa wa bahari. Joto likifika nyuzi 28, hewa huwa nyepesi kana kwamba uwanja uko karibu futi 8,400. Injini inapungukiwa nguvu, mabawa yanashika hewa kidogo, ndege inakula njia ndefu kabla ya kunyanyuka na kupanda kwake ni kwa kusitasita. Hapo tunafungua kitabu cha ndege na kupiga hesabu ya uzito, mafuta na urefu wa njia. Mara nyingi hesabu inasema rudini kesho alfajiri.

Upepo wa ubavuni nao una hesabu yake. Noti 14 zikija kwa pembe ya nyuzi 30 kutoka mwelekeo wa njia, zinazokusukuma ubavuni ni 7. Watengenezaji wa Cessna 172 walionyesha inatua kwenye noti 15 za ubavuni, ila waliokuwa usukani walikuwa marubani wa majaribio. Kwa mwanafunzi aliye peke yake, mwisho wangu ni 8. Na msimu wa mvua, wingu la radi tunalipa nafasi ya maili 20 za baharini. Kila mwanafunzi wangu huandika mipaka yake daftarini kabla ya kugusa ndege, kwa kuwa angani kila wingu huonekana linapitika.

Mzazi, najua unalipa kwa saa na saa hizo ni ghali. Mwanao akirudi nyumbani bila kuruka, usimlaumu. Mwambie akusomee METAR ya asubuhi.