Kilemba cha Ukoka Hakikumtosha

Wazee husema kwamba mtu asifiwaye bure amevikwa kilemba cha ukoka. Asubuhi kilemba hicho ni kibichi, chapendeza macho. Jua likipanda chanyauka, na mwenyewe hubaki kichwa wazi. Siku hizi, katika nchi nyingi, vijana wenye sauti tamu na sura ya kuvutia huvikwa kilemba cha namna hiyo. Leo, wasomaji wapendwa, tumependa kuwasimulia habari za kijana mmoja wa China aliyevikwa angali mtoto, naye hakuridhika nacho.

Jina lake ni Yi Yangqianxi. Nje ya nchi yake aitwa Jackson Yee. Alizaliwa tarehe 28 Novemba 2000, katika mkoa wa Hunan. Tangu utoto alifundishwa kuimba na kucheza. Tarehe 6 Agosti 2013, kabla hajatimiza miaka 13, alitokea mbele ya watu pamoja na watoto wenzake wawili, Wang Junkai na Wang Yuan, katika kundi liitwalo TFBoys. Haukupita muda mrefu, nyimbo zao zikasikika China nzima.

Biashara ya kupendwa

Tufahamu kwanza kazi ya waimbaji wa namna hii. Kampuni huchagua watoto, huwafundisha, huwavika, huwapiga picha. Kinachouzwa si wimbo tu, bali mapenzi ya watu. Kwa hiyo kijana hana budi kuwa safi na mzuri daima, wala asimchukize mtu yeyote. Wampendao hununua bidhaa zenye picha yake, hata wasizozihitaji.

Mambo hayo yalipita kiasi. Mwezi Mei 2021 Wachina walitazama kwa aibu picha za maziwa yakimwagwa mtaroni. Alama ya kuwapigia kura waimbaji wa kipindi kimoja cha televisheni ilikuwa ndani ya kizibo cha chupa. Basi vizibo viliwekwa, maziwa yakatupwa. Mwezi Septemba mwaka ule ule serikali ilikataza vipindi vya mashindano ya namna hiyo.

Mwanafunzi mwenye sifa

Jackson Yee alikuwa amekwisha kushika njia nyingine. Mwaka 2018 aliingia chuo kikuu cha michezo ya kuigiza huko Beijing, ambacho tangu zamani kimewalea waigizaji wengi wa China. Tujiulize: kijana anayejulikana na mamilioni ya watu, aliyekwisha kupata fedha, alikwenda kutafuta nini darasani? Twadhani alitambua kwamba kujulikana si sawa na kujua. Mwimbaji apendwaye huonyesha uso wake mwenyewe. Mwigizaji sharti auache uso wake, achukue wa mtu mwingine, hata ukiwa mchafu au wenye kovu.

Mwaka 2019 watu waliona mabadiliko hayo katika filamu Better Days ya Derek Tsang. Habari yake yahusu msichana wa shule, Chen Nian, anayeteswa na wanafunzi wenzake wakati wa kujiandaa kwa mtihani mkubwa wa taifa. Jackson Yee ndiye Xiaobei, kijana wa mitaani asiye na wazazi wa kumtunza, anayemlinda msichana huyo. Yule mtoto safi wa nyimbo alionekana amepigwa, ana damu usoni, na kichwa kimenyolewa. Mwaka 2020 alipewa tuzo ya mwigizaji mpya bora katika Tuzo za Filamu za Hong Kong.

Baadaye hakuchagua kazi nyepesi. Katika Nice View, ya mwaka 2022, ni kaka anayehangaika mjini Shenzhen kutafuta fedha za kumtibu dada yake mdogo mwenye ugonjwa wa moyo. Katika Big World, ya mwaka 2024, ni kijana mwenye mtindio wa ubongo: mikono yake haimtii, maneno yatoka kwa shida, lakini moyo wake watamani kusoma, kufanya kazi na kupendwa, kama moyo wa kijana yeyote. Kazi ngumu ya filamu hiyo ni kumfanya mtazamaji aache kumhurumia tu, aanze kumheshimu. Watazamaji wa tamasha la filamu la Tokyo waliipa tuzo yao mwaka ule. Mwezi Novemba 2025, kabla hajatimiza miaka 25, Jackson Yee alipokea tuzo ya Jogoo wa Dhahabu ya mwigizaji bora wa kiume, mojawapo ya heshima kubwa kabisa za sinema ya China.

Mlango wa mwenye sifa

Hatupendi kuficha jambo moja. Mwezi Julai 2022 jina lake lilitangazwa kati ya watu watakaoajiriwa na jumba la taifa la michezo ya kuigiza. Mara watu wengi wakanung'unika. Wakati huo vijana wengi wenye shahada walikuwa hawapati kazi. Wakauliza kama wenye sifa hufunguliwa mlango ambao wengine waubisha bure. Jackson Yee alitangaza hadharani kwamba anaiacha nafasi hiyo.

Sisi si waamuzi wa shauri lile. Lakini twaona kwamba sifa ni mzigo pia: mwenye nayo akifanikiwa, watu huuliza kama amefanikiwa kwa kazi au kwa jina. Jibu la swali hilo halipatikani kwa maneno. Hupatikana kwa kazi yenyewe, siku baada ya siku, na ndivyo alivyojibu kijana huyu.

Enyi wanafunzi, wengi wenu mna vipaji, na jamaa zenu huwasifu. Furahini, lakini msilale. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Na kijana tuliyemsimulia aliinama wakati watu wote walipokuwa wakimwambia kwamba amekwisha kufika.