Neno la Kishindo: Bang

Katika milima ya Upare, juu ya mji wa Same, ziko ndiva, ndiyo mabwawa madogo ambamo Wapare hukusanya maji ya kijito usiku, wakayafungulia mashambani asubuhi. Tuseme mtoto aja mbio kutoka ndivani, akalia, "Mdogo wangu ameanguka chubwi!" Mama hamngoji amalize, hutupa jembe akakimbia, kwa kuwa chubwi ni sauti ya maji. Lau mtoto angalisema pu, mama angalijua ya kuwa ni juu ya ardhi ngumu. Na tifu, kwamba ni mchangani. Neno fupi latosha kumwonyesha asikiaye mambo ambayo macho yake hayakuyaona.

Kiingereza nacho kina maneno mengi yaigayo sauti, na hapa twataka kueleza moja, bang, ambalo wanafunzi hukutana nalo mara kwa mara vitabuni. Herufi zake mbili za mwisho hutamkwa kama ng' ya ng'ombe. Maana yake ya kwanza ni kishindo cha ghafula: bunduki inapolia, au upepo wa mlimani unapoufunga mlango kwa nguvu. Lakini neno hili halikukaa katika sauti tu. Hutumika pia kwa kitendo: mtu akigonga meza kwa ngumi, au akijigonga kichwa mlangoni. Tena lina maana isiyo na kelele hata kidogo, yaani "barabara", kama tusemavyo kuwa mgeni amefika saa nne barabara. Basi mwanafunzi akiliona asikimbilie kuandika "mlio wa bunduki". Atazame kwanza maneno yaliyo jirani yake.

Onyo hili si la wanafunzi peke yao. Tarehe 28 Machi 1949 mtaalamu wa nyota, Fred Hoyle, alizungumza katika redio ya BBC. Alikuwa akieleza wazo ambalo yeye mwenyewe hakulikubali, kwamba ulimwengu wote ulikuwa na mwanzo mmoja zamani sana. Wasikilizaji hawakuwa na picha mbele yao, naye akaliita wazo hilo Big Bang, maana yake kishindo kikubwa. Jina likashika. Wazo lenyewe, ambalo padre Georges Lemaître wa Ubelgiji alikwisha kulieleza mwaka 1931, baadaye lilipata ushahidi wa nguvu, na sasa wataalamu huhesabu miaka bilioni 13.8 hivi tangu mwanzo huo. Kwa Kiswahili twauita Mlipuko Mkuu.

Walakini jina hilo hupotosha. Lamfanya asikiaye afikiri habari za baruti iliyolipuka mahali fulani, vipande vikaruka gizani. Wataalamu hawasemi hivyo. Wasema kwamba anga lenyewe lilitanuka, na lingali likitanuka, wala hapana mahali pamoja pawezapo kuitwa kitovu chake.

Neno liigalo sauti huingia moyoni upesi kuliko maelezo marefu, na kwa sababu hiyo lataka uangalifu. Mtoto wa ndivani alichagua vema, mama akaelekea majini. Nasi kabla ya kulitamka neno la namna hii, au kuliandika, na tujiulize: atakayelisikia atakimbilia wapi?