Ni Toleo Gani? Michezo ya Video ya Zamani na Kazi ya Mhariri

Mtu akikuambia kwamba amenunua upya mchezo wa video wa mwaka 1998, swali la kwanza la kumwuliza ni lile ambalo walimu wetu hutuuliza tukitaja utenzi wowote wa kale: ni toleo gani? Wachezaji wengi hawalijali swali hilo, na wauzaji wengi wangependa lisiulizwe. Mimi ni mwanafunzi wa lugha za Kiafrika, nina miaka 24, na michezo mingi ninayoipenda ina umri kunishinda. Katika makala haya nataka kueleza jinsi michezo ya zamani inavyotolewa upya, na kwa nini naamini kwamba filolojia tunayosomeshwa hapa ina kipimo bora cha kuihukumu kuliko kile cha matangazo ya biashara. Matangazo hupima uzuri wa picha. Sisi tunauliza mambo mawili: je, mhariri amesema alichobadilisha? Na je, nakala ya kwanza bado inapatikana?

Njia tatu za kurudisha mchezo

Njia ya kwanza ni uigaji. Mashine ya leo hupewa programu inayojifanya mashine ya zamani, kisha mchezo wenyewe huendeshwa ndani yake bila msimbo wake kuguswa. Hivyo ndivyo kilivyofanya kazi kile kisanduku kidogo ambacho Nintendo ilikiuza mwaka 2016, chenye michezo 30 ya NES. Hii ni sawa na faksimile ya muswada: ukurasa unapigwa picha jinsi ulivyo, pamoja na madoa yake.

Ya pili ni uboreshaji. Mifupa ya mchezo hubaki, lakini picha hunolewa, sauti husafishwa, na pengine vitufe hupangwa upya. Hili ni toleo lililohaririwa.

Ya tatu ni uundaji upya. Resident Evil 2 ya mwaka 1998 ilikuonyesha kila chumba kutoka pembe zilizopangwa zisizosogea, hata hukujua nini kinakungoja upande wa pili wa mlango. Mwaka 2019 kampuni ya Capcom iliujenga mchezo huo upya tangu msingi, na macho ya mchezaji yakawekwa nyuma ya bega la mhusika. Huo si uhariri tena. Ni kama mtambaji anayeipokea ngano kwa bibi yake na kuitamba kwa namna yake mwenyewe. Hakuna aliyedanganywa, kwa sababu ngano zote mbili zipo: mwaka 2024 mchezo ule wa 1998 ulirudi sokoni kwa ajili ya kompyuta, katika duka la GOG.

Ugomvi wangu, basi, hauko kwenye uundaji upya. Uko kwenye njia ya pili, pale mhariri anapofanya kazi kimya kimya, akauza matokeo kwa jina la asili, kisha akaiondoa asili yenyewe.

Hata faksimile ina mhariri

Kabla ya kufika huko, tusidhani kwamba uigaji hauna lawama. Mwaka 2018 Sony ilitoa kisanduku chenye michezo 20 ya PlayStation ya kwanza. Michezo 9 kati ya hiyo ilichukuliwa kutoka matoleo ya Ulaya. Televisheni za Ulaya za wakati ule zilionyesha picha 50 kwa sekunde, ilhali zile za Japani na Marekani zilionyesha 60, na michezo mingi haikurekebishwa ilipovuka mpaka huo, bali ilipunguzwa mwendo tu. Kwa hiyo mnunuzi wa Marekani aliyetaka kuukumbuka utoto wake alikuta mchezo uleule ukienda pole kuliko alivyouzoea. Hakuna neno lililobadilishwa, lakini lahaja ilikuwa nyingine. Kuchagua nakala ya kupiga picha tayari ni uhariri.

Jambo la pili ni kioo. Wachoraji wa Sonic the Hedgehog, mchezo wa mwaka 1991, walichora maporomoko ya maji kwa mistari myembamba iliyosimama, mmoja una rangi na mwingine hauna. Kwenye televisheni zile nene zenye kisogo kirefu, ishara ya picha ilififisha mistari hiyo ikachanganyika, na jicho likaona maji yanayopenyeza mwanga. Kwenye kioo bapa cha leo unaona ukuti wa mistari tu. Data ni ileile, nukta kwa nukta, lakini maana imepotea kwa sababu kitu cha kusomea kimebadilika. Ndiyo maana matoleo mengi ya uigaji huweka chaguo la kuiga kioo cha zamani. Baadhi ya wachezaji huliona kama pambo. Kwangu mimi ni tanbihi ya lazima.

Makosa ya mnakili

Sasa tuje kwenye kisa kinachonifaa zaidi darasani. Mnamo Novemba 2021 Rockstar ilitoa toleo lililoboreshwa la michezo mitatu ya Grand Theft Auto: ya tatu ya mwaka 2001, Vice City ya 2002 na San Andreas ya 2004. Neno lililowekwa kwenye jina la mkusanyo huo lilimaanisha kwamba hili ndilo toleo la mwisho, lisilohitaji jingine. Mwezi mmoja kabla, matoleo ya zamani yalikuwa yameondolewa kwenye maduka ya mtandaoni.

Wachezaji walipofungua, walikuta makosa ambayo mwanafunzi yeyote wa miswada angeyatambua. Katika mchezo mna duka la donati lenye sanamu kubwa ya nati juu ya paa, ile ya chuma ya kukazia bolti. Ni mzaha wa maneno: katika Kiingereza neno moja hutaja nati ya chuma na pia kokwa ya kula. Nati ina pembe sita. Katika toleo jipya pembe hizo zililainishwa, na nati ikawa gurudumu. Aliyelainisha, awe mtu au programu, aliona umbo lenye kona akadhani kona ni umaskini wa mashine ya zamani. Hivi ndivyo mnakili anavyofanya akikutana na neno gumu asilolijua: huweka lililo rahisi linalofanana nalo, na mzaha unakufa.

Kosa la pili ni la ndani zaidi. San Andreas ya 2004 ilikuwa na ukungu mwingi, kwa kuwa PlayStation 2 haikuweza kuchora vitu vya mbali. Ukungu ule ulikuwa udhaifu, lakini ulifanya kazi: uliifanya nchi ionekane kubwa, na safari ya kutoka mji mmoja hadi mwingine ikawa safari kweli. Toleo jipya lilipouondoa, mchezaji akipanda juu aliona miji yote kwa mkupuo, kama vijiji vilivyopangwa mezani. Katika ushairi tunalijua jambo hili. Vina na mizani ni vizuizi, lakini ukivivunja ili mshairi apumue, hujamsaidia; umemnyang'anya kile alichokitumia kujenga.

Baada ya malalamiko, Rockstar iliomba radhi na kuahidi kurudisha matoleo ya zamani ya kompyuta katika duka lake, na makosa mengi yamerekebishwa tangu hapo. Napenda kusema hilo kwa haki. Lakini tuone kilichowakasirisha watu. Toleo baya peke yake lingesahaulika. Uchungu ulikuwa kwamba kwa wiki kadhaa hapakuwa na mahali halali pa kununua lile jema ili kulinganisha.

Kinachopotea

Hatari hii si ya mchezo mmoja. Mwaka 2023 Video Game History Foundation, shirika la Marekani linalohifadhi historia ya michezo, lilichapisha utafiti ulioonyesha kwamba asilimia 87 ya michezo iliyotolewa Marekani kabla ya 2010 haiuzwi tena. Mwezi Machi mwaka huohuo Nintendo ilifunga maduka ya mtandaoni ya mashine zake mbili, Wii U na 3DS, na michezo iliyokuwa ikipatikana humo tu ikabaki bila mlango wa kuingilia.

Huku kwetu Lubumbashi jambo hili lina sura yake. Kizazi changu kilicheza kwenye vyumba vya "play" vya mtaani, kwa kulipia dakika, maneti imefungwa kwa gundi, na diski zilizonakiliwa ambazo jina la mchezo liliandikwa kwa kalamu. Hapakuwa na jalada wala kijitabu cha maelezo. Wakati mwingine hata muziki na filamu za utangulizi zilikuwa zimekatwa ili mchezo uenee kwenye diski ndogo. Tulichojua kama "asili" kilikuwa tayari toleo, tena lililopunguzwa na mhariri asiye na jina. Siwalaumu walionakili, maana bila wao tusingecheza. Nasema tu kwamba mtu aliyekulia kwenye nakala zisizo na jalada ana sababu kubwa kuliko wengine ya kudai jalada lisemalo ukweli.

Tafsiri nazo ni matoleo

Kwa wenzangu wa tafsiri, mfano ni Final Fantasy VI, mchezo wa Kijapani wa mwaka 1994. Tafsiri ya kwanza ya Kiingereza ilifanywa na Ted Woolsey, kwa haraka na katika nafasi finyu ya kaseti, chini ya kanuni za Nintendo ya Marekani zilizokataa maneno ya dini. Uganga ambao jina lake lilikuwa na maana ya "takatifu" ukapewa jina lenye maana ya "lulu". Msichana aitwaye Tina katika Kijapani akaitwa Terra, kwa sababu Tina ni jina la kigeni kwa Mjapani lakini la kila siku kwa Mmarekani.

Mchezo ulipotolewa upya kwa Game Boy Advance, tafsiri ilifanywa upya. "Takatifu" ikarudi, lakini Terra akabaki Terra. Tofauti hii inafundisha. Badiliko la kwanza lililazimishwa na kanuni, na kanuni ilipoondoka, nalo likaondoka. La pili lilikuwa uamuzi wa mtafsiri aliyeielewa athari ya jina kwa msikilizaji, nao umepata uraia. Tunayaona haya kwa sababu tu matoleo yote mawili yanaweza kuwekwa ubavuni. Aliye na toleo jipya peke yake hawezi kujua kwamba palikuwa na lulu.

Jinsi inavyofaa kufanywa

Toleo jema linawezekana. Mwaka 2009 LucasArts ilitoa upya The Secret of Monkey Island ya 1990 kwa picha mpya, lakini kitufe kimoja kilikurudisha papo hapo kwenye picha za zamani, hatua ileile uliyokuwa umesimama. Mwaka 2023 kampuni ya Digital Eclipse ilikwenda mbali zaidi kwa mchezo wa Karateka, ambao Jordan Mechner aliutoa mwaka 1984 kwa kompyuta ya Apple II. Katika toleo hilo mna mchezo wa kwanza jinsi ulivyokuwa, majaribio yaliyotangulia, barua, michoro, mahojiano na Mechner na baba yake aliyetunga muziki, na mwisho toleo lililoboreshwa. Mhariri ameonyesha meza yake yote ya kazi.

Nilipoliona, nilikumbuka kitabu tunachokijua hapa. Mwaka 1965 André Yav aliandika historia ya mji huu, wakati huo ukiitwa Elisabethville, katika Kiswahili cha mji wenyewe. Johannes Fabian alipoichapisha mwaka 1990 hakusanifisha maneno ya Yav akayatupa ya awali. Aliweka nakala halisi ya maandishi, kisha matini iliyotokana na Kalundi Mango kuyasoma kwa sauti, kisha tafsiri ya Kiingereza. Mtu akitilia shaka usomaji wa mhariri, anarudi kwenye ukurasa wa Yav na kujisomea. Sioni kwa nini mchezo ustahili heshima pungufu ya hiyo.

Najua jibu la wafanyabiashara: haki za nyimbo huisha muda, na kuuza matoleo mawili ni gharama. Ni kweli kwamba nyimbo kadhaa za redio za Grand Theft Auto ziliondolewa kwa sababu ya leseni, na sheria ni sheria. Lakini ukurasa mmoja wa kueleza nyimbo zipi zimetoka, na kwa nini, hauhitaji leseni yoyote.

Kwa hiyo, kabla ya kulipia mchezo uliorudishwa, uliza: umetokana na nakala ipi? Kilichobadilika kimetajwa wapi? Asili bado inauzwa? Na tafsiri ni ya nani? Kwa mwenzangu anayetafuta mada ya kazi ya mwisho wa masomo, tafsiri za Final Fantasy VI zinangoja mtu wa kuzilinganisha mstari kwa mstari. Afanye haraka, kabla mojawapo haijafutwa.