Utulivu wa Jicho la Kimbunga

Mwezi Februari 2023 kimbunga kilichoitwa Freddy kilizaliwa karibu na Australia. Kilivuka Bahari ya Hindi, kikazipiga Madagascar na Msumbiji, kikarudi baharini. Mwezi Machi kiliipiga Msumbiji mara ya pili na kumwaga mvua kubwa juu ya jirani yake, Malawi. Huko Blantyre udongo wa milimani uliporomoka, na mamia ya watu walikufa.

Nguvu hiyo yatoka wapi? Yatoka baharini. Maji yakifikia joto la nyuzi 27 hivi za Selsiasi, hewa iliyo juu yake hupata joto, hubeba mvuke na kupanda. Huko juu mvuke hugeuka matone, na joto lililojificha ndani yake hutoka. Hewa huzidi kupanda, kani yake hupungua chini, na pepo za pembeni hukimbilia kuziba pengo. Mzunguko wa dunia huzipinda, nazo huanza kuzunguka. Kikifika nchi kavu, kimbunga hukosa chakula chake; upepo hufifia, lakini mvua huweza kuendelea kwa siku kadhaa.

Askari anayetumwa kuokoa wananchi hana budi kulijua jicho la kimbunga. Likipita, upepo hunyamaza ghafla, na huenda hata jua likaonekana. Huo si mwisho. Baada ya muda upepo hurudi kwa nguvu zile zile kutoka upande wa pili. Anayewaruhusu watu kutoka mahali pa usalama wakati huo huwapeleka kwenye mauti.